Deki ya CD yenye Trei Mbili: Miezi Minane ya Kuhamisha Kaseti za Taarab

Nilipoinunua mashine hii miezi minane iliyopita, katika duka la vyombo vya umeme vya mitumba upande wa Mwembe Tayari hapa Mombasa, sikuwa nikitafuta kitu cha kupamba sebule. Nilikuwa na kaseti sitini na tatu zilizotoka katika kabati la marehemu ami yangu wa Kibokoni, nyingine za kununua dukani na nyingine zilizorekodiwa harusini katika miaka ya 1980, na mama alikuwa ameshaniuliza mara mbili ni lini ataisikia tena harusi ya wifi yake kabla utepe haujaoza. Mashine yenyewe ni deki ya CD ya matumizi ya nyumbani yenye trei mbili: ya kushoto hucheza tu, na ya kulia hucheza na kurekodi. Nililipa shilingi 8,500 baada ya kuvutana kidogo na mwenye duka. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza yanazihusu karibu mashine zote za jinsi hii zilizouzwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kauli yangu naitanguliza ili asiye na muda asipotee. Kwa kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti, deki hii imenifaa kuliko nilivyotarajia. Kwa kunakili CD hadi CD, kazi ambayo ndiyo iliyofanya iundwe na trei mbili, ina masharti mengi kuliko mganga.

Kuiunganisha si kazi ya fundi. Nyuma kuna matundu mawili ya kuingiza sauti ya kawaida, jekundu na jeupe, na mengine mawili kama hayo ya kuitoa. Pembeni yake pana tundu la waya wa kidijitali na jingine la waya wa mwanga. Deki yangu ya kaseti niliichomeka kwenye matundu ya kuingiza, nikazitoa nyaya za matundu ya kutoa hadi kwenye amplifaya, basi. Mwenye santuri za zamani aelewe kwamba hakuna tundu la kupokea sauti ya sindano moja kwa moja: mashine ya santuri lazima ipitie kwanza kwenye amplifaya yenye sehemu yake maalumu, la sivyo sauti itatoka nyembamba na dhaifu. Jambo la kuangaliwa kabla ya yote ni kibandiko cha umeme kilicho mgongoni. Mashine iliyokusudiwa soko la Marekani hutaka volti 120, nasi hapa tuna 240, na dukani zilikuwapo mbili za namna hiyo zimepangwa pamoja na nyingine bila onyo lolote.

Sasa tuje kwenye kurekodi kwenyewe, ambako ndiko utamu na uchungu wa deki hii ulipo. Ukiingiza diski tupu katika trei ya kulia, mashine hukaa sekunde kadhaa ikiisoma. Ukibonyeza kitufe cha kurekodi, kwanza hujaribu nguvu ya mwale wake wa leza kwenye sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya diski, ili ijue rangi ya diski ile inataka mwale mkali kiasi gani, kisha husimama ikisubiri. Katika hali hiyo ya kusubiri unaweza kuicheza kaseti, ukaangalia vijiti vya sauti vinavyopanda na kushuka kwenye kioo, na kukizungusha kirungu cha kiwango hadi uridhike. Hapa ndipo tuliolelewa na kaseti tunapoponzwa na mazoea. Katika kaseti, sindano ya kipimo cha sauti ikigusa wekundu mara mojamoja hakuna anayeteta; utepe huivumilia sauti kubwa na pengine huipa joto fulani linalopendeza. CD ya muziki huipima sauti mara 44,100 kila sekunde na kukiandika kila kipimo kwa biti 16, na namba kubwa kuliko zote ikishafikiwa hakuna nyingine juu yake, kwa hiyo kilele cha sauti hukatwa kama kwa shoka na spika hutoa mpasuko mbaya. Nakala ya kaseti yangu ya kwanza iliharibika hivyo. Mwimbaji alianza taratibu, nikakipandisha kiwango nikajiona hodari, na vigelegele vilipoingia vikaichana diski nzima. Tangu hapo huisikiliza kwanza ile sehemu yenye makelele zaidi, naweka kiwango chini kidogo ya wekundu, halafu sikigusi kirungu tena hadi mwisho.

Kugawanya nyimbo kunahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu mashine ilibuniwa na watu ambao muziki wao hunyamaza kati ya wimbo na wimbo. Inao uwezo wa kuweka alama yenyewe: ikisikia kimya cha takriban sekunde tatu, sauti inayofuata huihesabu kuwa wimbo mpya, na diski moja inaweza kubeba alama hadi 99. Kwa kaseti safi za dukani utaratibu huu ulifanya kazi vizuri kiasi. Nilikuwa na kadhaa zilizouzwa na Mbwana Radio Service, duka la hapa Mombasa lililojipatia jina kwa kaseti za taarab, na za mwimbaji Juma Bhalo zilijigawa zenyewe bila mimi kunyanyuka kitini. Lakini kaseti iliyochakaa ina ule mvumo wake wa chini usiokoma, na mvumo huo mashine huuhesabu kuwa ni sauti, kwa hiyo kimya haikioni. Kaseti za harusini ndizo kabisa: hapana kimya chochote, kwani wimbo ukimalizika wanawake wanapokea kwa vigelegele, mtu anatangaziwa zawadi, mtoto analia, na ngoma ya wimbo unaofuata imeshaanza kujaribiwa. Upande wa pili wa kosa uko kwenye udi. Katika kaseti moja ya mpiga udi Zein l'Abdin, mpigaji anatua kidogo kabla ya kuirudia kauli yake, utepe ule ulikuwa safi kuliko mingine yote, na mashine ikaukata wimbo mmoja vipande viwili mahali ambapo hata pumzi haikustahili kukatwa.

Dawa yake ni kuuzima ule mgawanyo unaofanywa na mashine yenyewe na kuweka alama kwa mkono, yaani kukibonyeza tena kitufe cha kurekodi kila wimbo unapoanza huku kurekodi kukiendelea. Maana yake ni kwamba lazima ukae pale. Kaseti ya saa moja hutaka saa moja yako, na alama uliyoiweka kwenye diski isiyofutika haihamishiki wala haiondoki. Kwa upande wangu sikuona taabu, kwa kuwa kazi hiyo niliifanya usiku baada ya Isha, mama akiwa kwenye mkeka akinitajia majina ya wanawake waliokuwa wakisikika wakicheka, na wengi wao nilikuwa siwajui. Mtu mwenye haraka ataiona ni adhabu.

Jambo jingine la hesabu: kaseti ya dakika 60 huingia bila shida, lakini ya dakika 90 haiingii katika CD ya dakika 74 wala 80. Lazima uigawe upande mmoja kwa kila diski, au uchague cha kuacha. Kioo huonyesha dakika zilizosalia ukikibonyeza kitufe cha muda, na nashauri kiangaliwe kabla ya wimbo wa mwisho, maana taarab ya dakika kumi na nane haikatwi katikati kwa kisingizio cha diski kujaa.

Diski ikishajaa, au ukishatosheka, unabaki na hatua ambayo wengi huiruka kisha huja kulalamika kwamba wameuziwa mashine mbovu. Diski lazima ifungwe. Wakati wa kurekodi, orodha ya nyimbo huandikwa katika sehemu ya muda ambayo mashine za kurekodi pekee ndizo zinazoijua. Redio ya kawaida ya CD hutafuta orodha kamili mwanzoni mwa diski, na isipoiona hudai kwamba diski ni tupu. Kitufe kimeandikwa FINALIZE. Ukikibonyeza na kuthibitisha, mashine yangu huchukua dakika mbili hadi nne kuiandika orodha hiyo, na katika muda huo haikubali amri nyingine yoyote. Diski ya kawaida, ile inayoandikwa mara moja, ikishafungwa haiongezwi kitu. Ile inayofutika inaweza kufunguliwa tena na kurekodiwa upya, ila huakisi mwanga kidogo sana ikilinganishwa na CD ya dukani, na redio nyingi za zamani hushindwa kuisoma. Redio ya jikoni kwa mama ni mojawapo. Mimi hutumia diski inayofutika kwa majaribio tu, na kazi ikishanyooka huihamishia kwenye ya kudumu.

Kabla ya kufungwa, diski iko katika hatari ambayo mkaazi wa mji huu hana haja ya kuelezwa sana. Mwezi wa tatu nilikuwa dakika ya arubaini ya kaseti ya harusi ya shangazi, ile ile aliyoiulizia mama, umeme ukakatika. Uliporudi ndani ya nusu saa, mashine iliwaka ikaonyesha kwamba inajaribu kuiokoa diski, ikahangaika kwa dakika kadhaa, kisha ikaitema. Nyimbo za mwanzo zilisalimika kwa sababu zilirekodiwa siku moja kabla yake na orodha yake ya muda ilikuwa imeshaandikwa. Zile za usiku huo hazikuonekana tena, na nafasi yao kwenye diski ilikuwa imeshatumika. Utepe, alhamdulillahi, ulikuwa mzima. Sasa mashine zote mbili, ya kaseti na ya CD, zimechomekwa kwenye betri ndogo ya kompyuta inayoshikilia umeme kwa dakika kumi na tano, muda unaotosha kusimamisha kurekodi kwa utaratibu. Kifaa hicho nacho kina gharama yake, na anayepiga hesabu ya kununua deki hii na akiingize kwenye bei.

Nije kwenye kunakili CD hadi CD. Kwa maneno ya kitabu cha maelekezo, ambacho nilibahatika kupewa pamoja na mashine, ni kitufe kimoja tu: CD yenye muziki upande wa kushoto, tupu upande wa kulia, unachagua mwendo wa kawaida au wa kasi maradufu, na mashine inanakili na kuifunga diski yenyewe. Kweli inafanya hivyo, na CD ya saa moja hukamilika kwa takriban nusu saa katika mwendo wa kasi. Unaweza pia kupanga nyimbo chache tu kutoka CD mbalimbali, jambo ambalo vijana wa nyumbani walilifurahia kwa wiki moja kisha wakarudi kwenye simu zao.

Masharti yanaanza ukitaka nakala ya nakala. Mashine za kurekodi za nyumbani zina mfumo wa kuzuia kunakili mfululizo: CD halisi unaruhusiwa kuinakili kidijitali, lakini nakala inayozaliwa hutiwa alama, na mashine nyingine ya jamii hii ikiiona alama hiyo hukataa kuinakili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ndiyo iliyolazimisha mfumo huo kuwekwa katika vyombo vya kidijitali vya kurekodia muziki nyumbani, na watengenezaji wakauweka hata katika mashine zilizouzwa kwingineko. Niliujua kwa vitendo. CD niliyoitengeneza kutoka kwenye kaseti ya harusi ilikubali kunakiliwa kwa ajili ya shangazi, lakini nakala ya shangazi ilipoletwa Kibokoni ili inakiliwe kwa binti yake aliyeko Lamu, mashine ikagoma. CD mama inazaa watoto, wajukuu haipewi. Njia ya kuzunguka ipo na si siri: unaicheza nakala ile katika deki nyingine na kuiingiza kwa nyaya za kawaida, nyekundu na nyeupe, kama vile ni kaseti, ukipoteza ubora kidogo sana ambao sikio langu halikuutambua. Hata hivyo nimejifunza kuiandika CD mama jina na kuifungia kabatini, na watu hupewa watoto wake.

Sharti la pili ni la diski zenyewe, nalo ndilo linaloumiza mfuko. Mashine haikubali CD tupu za kompyuta zinazouzwa kwa wingi Barabara ya Digo; ukiiwekea moja huisoma, hutafakari, halafu hukwambia si diski sahihi. Inataka diski za muziki, ambazo mfereji wake umeandikwa msimbo maalumu kiwandani, na zenye maneno Digital Audio kwenye alama yake. Ubora wa sauti hauna tofauti. Tofauti ni msimbo, na nyuma ya msimbo kuna ada: sheria ile ile ya Marekani iliweka tozo ya asilimia 3 kwa diski tupu za muziki na asilimia 2 kwa mashine, fedha ziende kwa wenye muziki. Sina ugomvi na wanamuziki kulipwa. Ugomvi wangu ni kwamba diski hizo hapa mjini zimekuwa adimu kama embe mwezi wa Agosti. Katika maduka sita niliyoyapitia, moja tu lilikuwa nazo, pakiti ya kumi iliyofifia kwa jua la dirishani, na mbili kati yake zilishindwa katikati ya kurekodi. Zilizobaki nililetewa na jamaa aliyekwenda Dubai. Mtu asinunue mashine kabla ya kujua diski atazipata wapi.

Hilo la jua si dogo. Diski inayoandikwa mara moja huhifadhi sauti katika rangi nyembamba iliyobadilishwa na leza, na rangi hiyo huathiriwa na mwanga na joto, hivyo kuiacha juu ya dashibodi ya gari Ganjoni adhuhuri ni kuiomba ife. Nazihifadhi ndani ya sanduku la bati, kabatini, zimesimama, na kwenye uso wake naandika kwa kalamu laini isiyo na spiriti kali. Karatasi za kubandika sizitumii, kwani hewa yetu ya chumvi na unyevu huzikunja pembeni na diski hupoteza mizani ikizunguka. Mashine nayo inahitaji kufunikwa kitambaa ikiwa imezimwa, na kufunuliwa ikiwa inafanya kazi, kwa sababu ina matundu ya kupumulia juu na hupata joto la kuhisika baada ya saa mbili. Trei ya kulia ilianza kusitasita mwezi wa tano. Fundi wa Majengo aliifungua, akaipangusa lenzi na kuubadilisha mkanda mdogo wa mpira kwa shilingi 1,200, na tangu hapo haijanisumbua.

Kasoro ndogo nazitaja haraka. Rimoti iliyokuja nayo ilikuwa ya mashine nyingine, na bila rimoti sahihi kuandika majina ya nyimbo ni kazi ya kukizungusha kirungu herufi kwa herufi, niliyoiacha baada ya diski ya pili. Kioo kinasomeka vizuri usiku na kwa shida mchana. Ukinakili kwa mwendo wa kasi husikii chochote, hivyo huwezi kujua kama CD ya kushoto inaruka mpaka umalize.

Atakayeuliza kwa nini sikutumia kompyuta ana haki. Kwa kompyuta na waya mmoja ningerekodi, ningekata nyimbo baadaye kwa utulivu, ningepunguza mvumo wa utepe, na nisingehitaji diski za Dubai. Kijana mwenye kompyuta nyumbani na subira ya kujifunza programu afuate njia hiyo, na hata mimi faili za akiba nimeziweka huko kwa kuzihamisha kutoka kwenye CD. Lakini mama hana kompyuta, shangazi hana, na redio ya CD kila mmoja wao anayo. Pia nakiri kwamba nilipenda kazi iliyonifunga kitini nikasikiliza kaseti nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kwa faili za kompyuta nisingelifanya.

Mpaka sasa nimehamisha kaseti arubaini na moja. Kwa mwenye sanduku la kaseti, mwenye redio ya CD na mwenye jioni za kutosha, shilingi 8,500 ni bei ya haki, na zaidi ya 10,000 nisingelipa. Kabla ya kutoa fedha, nenda dukani na diski yako mwenyewe ya muziki inayofutika, umwambie muuzaji aifungue na kuifunga trei ya kulia mara kadhaa, arekodi dakika mbili kutoka kwenye redio yake, aifunge diski kwa kitufe cha FINALIZE mbele yako, kisha aicheze katika trei ya kushoto. Trei ya kushoto ikiisoma, mashine ni nzima. Akisema kwamba hapo pana shughuli nyingi na urudi kesho, usirudi.